Udongo wa mwezini: mbona wasichukue majivu ya Lengai?

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Arusha. Nimesikia redioni eti wanasayansi wanasaga mawe ya volkano wapate udongo wa mwezini wa kuigiza. Si wanao ule walioleta kina Armstrong? Na kama ni volkano tu, mbona wasije Ol Doinyo Lengai?

Marahaba mwanangu, umeuliza swali zuri sana. Udongo wenyewe upo ila ni kidogo mno, safari zote sita za Apollo, zile za Wamarekani, zilizotua mwezini kati ya 1969 na 1972 zilileta kilo 382 tu, mawe na udongo pamoja, sasa mtu anataka kujaribu matairi ya gari la mwezini au mashine ya kuchimba anahitaji tani kadhaa, nani atampa? Hata wale wa University of Florida waliootesha mimea kwenye udongo halisi, matokeo wakayatoa 2022, walipewa gramu 12, yaani mmea mmoja gramu moja hivi haifiki.

Mimea ya kulinganisha waliiotesha kwenye JSC-1A, udongo wa kuigiza unaotokana na majivu ya volkano ya Merriam Crater huko Arizona. Majivu hayo yalichimbwa, yakakaushwa, yakasagwa na kuchekechwa. Yalipendwa kwa sababu kemia yake inakaribia ile ya mabaka meusi unayoyaona mwezini, na yana kioo kingi, kile kinachotokea lava ikipoa ghafla. Lakini mimea ya udongo halisi ilidumaa kuliko ya JSC-1A, kwa hiyo bado si kitu kilekile.

Tofauti iko kwenye punje. Sugua mchanga wa mtoni kwa vidole, ni laini maana maji yameuviringisha miaka na miaka. Mwezini hakuna maji wala upepo, kuna vimondo vidogo vidogo vinavyogonga udongo, vinauyeyusha na kuugandisha, punje zinabaki na ncha kali kama vigae vya chupa. Mwanaanga Harrison Schmitt wa Apollo 17 alivuta vumbi la mwezini ndani ya chombo, pua ikaziba kama mtu mwenye mafua. Kinu hakiwezi kutoa punje za namna hiyo, ndo maana bado wanahangaika.

Sasa Lengai. Lava yake inatoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe, maana imejaa kaboneti za sodiamu na kalsiamu, ni ndugu kabisa wa magadi ya Ziwa Natron. Silika, ile iliyojaa kwenye mchanga wa kawaida, karibu hamna, wakati udongo wa mwezini karibu nusu yake ni silika na sodiamu ni kiduchu. Kinachotakiwa ni basalti, lile jiwe jeusi la volkano, Wazungu wa Ulaya wanaichukua Ujerumani.

Ukipata kipande cha basalti, ponda, chekecha kwa kitambaa chepesi, uangalie kwa maikroskopu ya shule karibu na mchanga wa mto. Ila funga pua na mdomo kwa kitambaa kilicholowa, vumbi la mawe linaharibu mapafu.