Kulinganisha nguva na mpingo bila kujichanganya

Ukipewa kazi ya kulinganisha mnyama wa majini na mti unaochanua, usiridhike na jedwali la himaya hadi spishi. Chagua viumbe vya sehemu moja. Kilwa inakupa vyote: nguva kwenye nyasi za baharini, mpingo msituni.

Nguva ni Dugong dugon, familia Dugongidae, oda Sirenia, ngeli ya mamalia. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, familia Fabaceae, ukoo mmoja na kunde na choroko. Miisho ya majina ya familia inakusaidia: -idae ni mnyama, -aceae ni mmea. Ukikuta Leguminosae usishtuke, ni jina la zamani la Fabaceae na bado linakubalika. Kosa linalorudiwa sana ni kumpanga nguva na pomboo kwa sababu wote wanaogelea. Ndugu zake wa karibu nchi kavu ni tembo na pimbi.

Kwenye uhifadhi, usichanganye Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, na mkataba wa CITES. Ya kwanza hupima hatari ya kutoweka, ya pili husimamia biashara ya kimataifa. Nguva yupo Kiambatisho cha I cha CITES, yaani biashara yake ya kimataifa imefungwa. Mpingo upo cha II tangu Januari 2017, unauzwa nje kwa kibali. Tena andika unazungumzia nguva wa wapi: kwa dunia nzima yumo kundi la walio hatarini, lakini wa pwani ya Afrika Mashariki waliwekwa mwaka 2022 kwenye daraja la hatari kubwa kabisa kabla ya kutoweka.

Sasa uzazi, maana ndio unaoamua njia ya kumhifadhi kila mmoja. Nguva jike hubeba mimba miezi 13 hivi, huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka 3 hadi 7 kabla ya kuzaa tena. Mkubwa mmoja akinaswa kwenye jarife, wavu mkubwa wa matundu mapana, asiweze kupanda juu kuvuta pumzi, pengo lake halizibiki upesi. Mpingo ukikatwa, kisiki huchipua na mizizi hutoa machipukizi. Tatizo ni moto wa kila mwaka unaounguza miche, na miaka 70 hadi 100 ya kusubiri gogo la kuvuna.

Kwa hiyo mapendekezo yasifanane. Msitu wa kijiji unaweza kuvunwa kwa mpango na kuwalipa wanakijiji, kama Kikole, Kilwa, iliyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha msitu unaotunzwa vizuri. Kwa nguva hakuna cha kuvuna: andika kuhusu kuondoa majarife kwenye nyasi za baharini, na njia nyingine ya kipato kwa mvuvi anayeyatega.