Maswali ya Wasomaji: Matairi na Rimu za Prado Iliyoinuliwa

Swali: Ndugu Mshauri, nina Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la 150 ambayo fundi ameiinua kwa inchi 2 mbele na nyuma. Bado ina matairi ya 265/65R17 iliyokuja nayo. Karibu safari zangu zote ni za lami, mjini Dodoma na barabara ya Morogoro, na mara mojamoja huenda shambani wilayani Mpwapwa kwa njia ya vumbi. Muuzaji mmoja ananishawishi ninunue matairi ya matope ya 285/70R17 pamoja na rimu za upana wa inchi 8 zenye ofseti ya hasi 12. Anasema gari lililoinuliwa likibaki na matairi ya kawaida ni kama mtu mzima aliyevaa viatu vya mtoto. Je, nimsikilize? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Kwa matumizi uliyoyaeleza, usimsikilize. Chukua matairi ya 265/70R17 ya aina ya mchanganyiko, yaani yale yanayotengenezwa kwa lami na vumbi kwa pamoja, uyafunge kwenye rimu za inchi 17 zenye ofseti iliyo karibu na ile ya kiwandani. Muonekano wa gari ni hiari ya mwenyewe na sina ugomvi nao, lakini muuzaji hakukueleza gharama ya muonekano huo.

Tuanze na vipimo. Katika 265/65R17, 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi lako la sasa lina kimo cha milimita 776 hivi, ilhali lile la 285/70R17 linafika milimita 831, kwa hiyo tofauti ni asilimia 7. Maana yake ni kwamba dashibodi ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari litakuwa linakwenda karibu 86, na kwenye maeneo ya makazi ambako mwisho ni 50 utakuwa umevuka kikomo huku ukiamini kuwa hujakivuka. Tairi la 265/70R17 lina kimo cha milimita 803, na tofauti yake ya asilimia 3 na ushei humezwa kwa sehemu kubwa na desturi ya viwanda ya kuifanya dashibodi ionyeshe mwendo uliozidi kidogo ule halisi. Tairi refu pia huipa breki kazi kubwa zaidi na hulipunguzia gari wepesi wa kuondoka, kwa sababu uwiano wa gia na difu ulipangwa kwa tairi fupi. Ongeza hapo uzito, kwani tairi zito la matope huweza kulizidi la awali kwa kilo kadhaa kila moja, na uzito huo hubebwa chini ya springi, mahali ambapo shokomzoba huhangaika nao katika kila shimo.

Wengi huamini kwamba gari likishainuliwa nafasi ya tairi kubwa imekwisha kupatikana. Ni kweli kwa gari lililosimama. Unapopita tuta kwa kasi na springi ikabonyea hadi kwenye mpira wa kuizuia, tairi hupanda mpaka palepale lilipokuwa likifika kabla ya kuinuliwa, isipokuwa kama mpira huo nao umebadilishwa. Tena, mara nyingi tairi la mbele haligusi juu bali nyuma ya tundu lake, karibu na mlango, wakati usukani umekatwa hadi mwisho. Kuinua hakukuongeza nafasi hapo hata kidogo. Ndiyo maana utawaona wenye Prado za matairi ya 285 wakikata plastiki za ndani ya madigadi, na wengine wakigonga hata chuma.

Rimu za hasi 12 hulizidisha tatizo hilo. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Huwa chanya uso huo ukiwa upande wa nje wa mstari, na hasi ukiwa upande wa ndani. Rimu ya kiwandani ya Prado yako ina upana wa inchi 7.5 na ofseti ya chanya 25. Ukihamia kwenye upana wa inchi 8 na hasi 12, ukingo wa nje wa rimu unasogea nje kwa milimita 43 hivi. Gari huonekana limetanuka, na hilo ndilo linalouzwa. Lakini tairi lililosogea nje huchora duara kubwa zaidi linapokata kona, huikwaruza bampa, huongeza mzigo kwenye beringi, huufanya usukani uvutwe huku na huku kila gurudumu moja linapoingia kwenye shimo au mfereji uliochimbwa na malori kwenye lami, na hurusha mawe na matope kwenye milango. Ukitaka rimu mpya kwa urembo, tafuta zenye chanya 15 hadi 25. Usirukie inchi 20, kwa kuwa ukuta wa tairi unapokuwa mfupi rimu hupokea pigo la shimo moja kwa moja.

Kuhusu aina ya tairi sina mashaka. Kashata za tairi la matope, yaani mikato ya uso unaokanyaga barabara, zina vipande vikubwa vilivyoachana ili matope yatoke, na kwa sababu hiyohiyo mpira unaokanyaga lami ni mchache. Mvua ikinyesha huchelewa kusimama, kwenye lami kavu hunguruma, na kwa mwendo wa safari ndefu huisha mapema. Njia ya vumbi ya kwenda shambani haihitaji tairi hilo.

Unaponunua, soma ubavu wa tairi. Namba ya uzito isipungue ile ya tairi la kiwandani. 112, kwa mfano, ni kilo 1,120 kwa kila tairi. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa dukani miaka mingi huonekana jipya huku mpira wake umekwisha kukauka. Nunua matano yanayofanana, kwa sababu Prado huendesha magurudumu yote manne muda wote, na spea yenye kimo tofauti huichosha difu ya katikati.

Upepo anza na ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Ukichagua tairi lenye herufi LT, yaani la malori madogo, linahitaji upepo zaidi ili libebe uzito uleule. Kuhakiki, chora mstari wa chaki kukatiza kashata, endesha taratibu mita mia moja kwa mstari ulionyooka, kisha utazame. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua.

Mwisho, omba karatasi ya vipimo vya alaimenti iliyofanywa baada ya kuinua. Kuinua mbele hupunguza pembe ya kasta, yaani mwinamo wa mhimili wa usukani ukitazamwa ubavuni, na usukani huacha kurudi wenyewe baada ya kona. Pembe za magurudumu zisiporudishwa ndani ya kiwango, tairi la aina yoyote laweza kulika upande mmoja.

Swali: Nimefunga rimu mpya zisizo za Toyota kwenye Prado yangu. Balansi imefanywa mara mbili, lakini usukani bado unatetemeka nikifika kilomita 90. Tatizo ni nini? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Pima tundu la katikati ya rimu. Habu ya Prado ina kipenyo cha milimita 106, na rimu nyingi za kubuniwa huachwa na tundu kubwa zaidi ili ziingie kwenye magari ya aina nyingi. Rimu isipokaa kwenye habu, hukaa pembeni kidogo, na mashine ya balansi haiwezi kuliona kosa hilo kwa sababu huishika rimu kwa namna yake. Zipo pete za kuziba nafasi hiyo. Nunua za kipimo sahihi.

Kagua na nati. Rimu za aloi za Toyota hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa, ilhali rimu nyingi za kununua huhitaji nati yenye kichwa cha koni. Ukikuta zile za zamani zimefungwa kwenye rimu mpya, usiliendeshe gari mpaka zibadilishwe, kwa kuwa hazishiki ipasavyo na gurudumu huweza kuchomoka njiani. Zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi.