Bei ya Kudumu na Ndege Mbili za Galaxy

Juzi kijana wetu wa mafunzo hapa ofisini, sisi mawakala wa mizigo ya ndege, kaniletea kotesheni niipitie kabla haijaenda kwa mteja. Mstari wa mwisho: "Bei haitabadilika kwa miezi sita." Nikacheka, kisha nikanyamaza. Kila mwaka hakosekani mmoja wenu wa kuiandika sentensi hii. Haya, wadogo zangu, kaeni niwasimulie Galaxy Airlines, shirika la ndege za mizigo.

1. Msipende ndege kuliko mzigo. Galaxy ilianzishwa Japani mwaka 2005, mzazi wake Sagawa Express, wale wakubwa wa vifurushi. Oktoba 2006 ikaanza kuruka. Ilikuwa na ndege mbili za mizigo aina ya Airbus A300-600F, na ikahudumu kutoka Haneda, Tokyo, kwenda Kitakyushu, Naha na Shin-Chitose. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga: vifurushi ni vyako, kwa nini umlipe mwingine akubebee? Lakini fungueni ramani. Naha iko kisiwani, lori halifiki. Kitakyushu ni kama kilomita 1,000 tu kwa lami, na dereva wa lori haombi kibali cha kuruka. Dege linalobeba karibu tani 50 za mzigo linataka kushiba kila safari, kwenda na kurudi. Ukisikia mtu anasifia injini, muulize anarudi na nini.

2. Ndege mbili zihesabuni kama moja na nusu. Moja ikiingia karakana, nusu ya shirika imelala. Anayepanga ratiba bila kuliwaza hilo asinipigie simu saa nane usiku.

3. Mafuta. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilipita dola 140. Shirika changa, ndege mbili, lingeegemea wapi? Oktoba mwaka huo Galaxy ikafunga, miaka miwili tangu ianze kuruka.

Mimi nilikuwa wakala mdogo kipindi hichohicho, nasafirisha minofu ya sangara kwenda Ulaya. Februari nikampata mama mmoja, mteja wa ndoto, nikataka kumfurahisha. Nikamwandikia bei ya kilo, kila kitu ndani, haibadiliki mpaka Agosti. Kifungu cha ada ya mafuta, ile nyongeza ambayo shirika la ndege hupandisha mafuta yakipanda, nilikifuta kwa mkono wangu, eti kinachafua ukurasa. Machi shirika la ndege likaleta faksi: ada imepanda. Aprili, faksi nyingine. Ikafika mahali nikisikia ile mashine inakohoa, tumbo linanikata. Mama si mjinga. Alipoona wenzake wanalalamikia bei na yeye halalamiki, akaongeza maboksi. Wiki hii paleti mbili, wiki ijayo nne. Kila boksi lililopanda mzani lilikuwa limebeba hasara yangu juu ya barafu. Nilifika mahali pa kuomba samaki wapungue ziwani, Mungu anisamehe.

Bosi hakufoka. Alinisukumia kikokotoo akasema, "Piga." Nikapiga. "Rudia, kwa sauti." Nikarudia mbele ya mhasibu na dada wa chai. Dada wa chai akaniongezea sukari bila kuulizwa.

Kinachoniuma ni hiki: Galaxy inafunga Oktoba, mafuta yalikwishaanza kuporomoka. Desemba pipa lilikuwa chini ya dola 40. Mkataba wangu nao ulikuwa umeisha Agosti, nikiwa nimeibeba miezi yote mibaya na nikakosa ile mizuri. Mama alirudi mwaka uliofuata, akaomba "ile bei ya zamani" huku anatabasamu.

4. Hati ya mzigo isomwe mara mbili. Basi.

5. Wewe kijana, unajijua. Futa ile sentensi, weka ada ya mafuta na tarehe ya mwisho ya bei. Halafu uzito wa ujazo, ule wa kilo zinazopatikana kutokana na ukubwa wa boksi, umekosea tena: huu si mzigo wa kampuni ya vifurushi, sentimita za ujazo zigawanye kwa 6,000, si 5,000. Ukimaliza uniletee kabla ya saa kumi, mteja anasubiri.