Mume wangu alijiua. Je, naruhusiwa kumwombea?

SWALI: Assalamu alaykum, shehe. Mume wangu alijiua, sasa ni mwezi wa pili. Tuliishi miaka 9 na tuna watoto wawili. Alikuwa akiswali na kufunga, ila mwaka wa mwisho alikuwa hali wala halali, anajifungia chumbani, hataki kuzungumza na mtu. Usiku ule tulikuwa tumegombana kwa ajili ya ada ya watoto. Ndugu zake wanasema mimi ndiye niliyemfikisha huko. Jirani naye kaniambia haifai kumwombea mtu wa motoni. Kila nikinyanyua mikono nasita. Nifanyeje? Na je, nina eda?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Mwenyezi Mungu akutie nguvu. Nyanyua mikono yako usiku huu huu, umwombee. Nalitanguliza hilo kwa sababu naona ndilo linalokuchoma zaidi.

Kujiua ni dhambi kubwa na makemeo yake ni mazito, sitakuficha. Lakini dhambi kubwa si ukafiri. Katika Suratun Nisaa, aya ya 48, Mwenyezi Mungu amesema kuwa hasamehi kushirikishwa, na husamehe yaliyo chini ya hapo kwa amtakaye. Mumeo kafa Muislamu. Jambo lake liko kwa Mola wake, si kwa jirani. Na ile aya yenyewe inayokataza kujiua, ya 29 katika sura hiyohiyo, imemalizikia kwa kutaja kuwa Mwenyezi Mungu ni Mwenye kuturehemu.

Imepokewa katika Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume, kwamba swahaba Tufayl bin Amr alihama kwenda Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Mtu yule akaugua, akashindwa kustahimili, akajitoa roho. Baadaye Tufayl akamwota yu katika hali nzuri, ila mikono kaifunika. Akamuuliza Mola wako kakufanyia nini. Akajibu: kanisamehe kwa kuhama kwangu kumfuata Mtume wake, lakini nimeambiwa, hatutakutengenezea ulichokiharibu mwenyewe. Tufayl akamsimulia Mtume (S.A.W.) ndoto ile. Mtume hakusema huyo haombewi. Alisema: "Ewe Mwenyezi Mungu, na mikono yake pia, isamehe."

Huenda jirani yako alisikia kuwa Mtume hakumswalia mtu aliyejiua. Ni kweli, imo katika Sahihi Muslim kutoka kwa swahaba Jabir bin Samura. Lakini wanazuoni walio wengi, wakiwemo maimamu Malik, Abu Hanifa na Shafii, wanasema maiti huyo huswaliwa, na kwamba Mtume aliacha kwa nafsi yake ili kuwakanya watu. Kujizuia kumswalia ni jambo moja, kumhukumia mtu moto ni jingine kabisa.

Tena kuna maradhi. Mimi si tabibu, lakini hayo uliyoyaeleza, kutokula, kutolala, kujifungia, yanafanana na mtu anayeugua, si mtu anayemfanyia Mola wake jeuri. Mtume kasema kalamu imeinuliwa kwa watatu, yaani hawaandikiwi dhambi, mmoja wao ni aliyeondokewa na akili mpaka imrudie. Mumeo alikuwa amezidiwa kiasi gani? Anayejua ni Mwenyezi Mungu peke yake, naye hadhulumu.

Ama ugomvi wa usiku ule, nyumba gani haigombani kwa ada? Maneno ya usiku mmoja hayaleti maradhi ya mwaka mzima. Mtume katukataza kusema "lau ningefanya hivi", kwa kuwa neno hilo humfungulia shetani mlango, na naona keshaingia kwako. Ndugu zake wamefiwa, na huzuni hutafuta wa kumwangukia. Usibishane nao kwa sasa. Ila wakitaka kukunyima mirathi kwa lawama hizo, hapo simama: thumuni yako, yaani fungu moja katika manane, imo katika Qur'ani, na namna alivyokufa haiiondoi.

Eda, yaani muda wa mjane kungoja baada ya kufiwa na mume, unayo kama mjane mwingine yeyote, miezi 4 na siku 10. Ukiwa na mimba, ni mpaka ujifungue.

Lia, binti yangu. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yakawa meupe, naye ni nabii. Lakini nakuuliza kama baba: je, na wewe inakujia fikra ya kumfuata? Ikikujia usikae nayo peke yako hata usiku mmoja. Mwamshe mama yako au dada yako umwambie waziwazi, akupeleke hospitali. Eda haimzuii mwanamke kutoka kwenda kutibiwa. Na hata kama fikra hiyo haipo, tafuta mtu mwenye ujuzi wa kuwasikiliza waliofiwa. Hilo si upungufu wa imani.

Watoto usiwadanganye kuwa baba kasafiri. Waambie kwa kadiri ya umri wao kuwa baba alikuwa mgonjwa sana, maradhi yakamshinda, na kwamba si kosa lao. Usiposema wewe, watayasikia nje kwa maneno mabaya zaidi.

Kisha ukimaliza kuswali, sema: Ewe Mola, msamehe mume wangu, na lile alilojifanyia, nalo msamehe. Waite wanao wakae karibu nawe, waitikie amina.