Kinondoni ya mwaka gani? Kwa mnaoanza kazi ya kumbukumbu za mipaka

Kijana mmoja niliyekuwa namwelekeza kazi aliniletea jedwali la sensa akiwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo. Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, mwaka 2012: watu 1,775,049. Mwaka 2022: watu 982,328. Alikwisha andika na sababu yake, kwamba kodi za nyumba zimewasukuma watu kuhamia Goba na Kibamba.

Nilimwomba avute kiti. Goba na Kibamba mwaka 2012 zilikuwa ndani ya Kinondoni hiyohiyo, pamoja na Sinza, Manzese, Kimara na Mbezi. Manispaa ya Ubungo ilimegwa baadaye na kuanza kazi 2016, wakati uleule Kigamboni ikitoka Temeke. Chukua watu 1,086,912 wa Ubungo, wajumlishe na wale wa Kinondoni: unapata 2,069,240. Watu hawakupungua, mstari wa mpaka ndio uliohama.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla ya kulinganisha chochote, andikeni pembeni orodha ya kata zilizokuwamo mwaka huo. Inachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe. Jina la wilaya peke yake halitoshi, na jina la jimbo msilichanganye nalo: jimbo la Ubungo lilikuwa na mbunge wake kabla Ubungo haijawa wilaya.

Neno linalowaangusha wengi zaidi ni "Jiji". Tangu 2000, Ilala, Kinondoni na Temeke zilikuwa manispaa, na Halmashauri ya Jiji ikakaa juu yake kuratibu mambo yanayovuka mipaka yao. Februari 2021 halmashauri hiyo ikavunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Sasa tazama barua mbili, ya 2018 na ya 2022, zote zina kichwa "Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam". Ya kwanza inatoka kwenye chombo cha mji mzima, ya pili inatoka Ilala. Nimezoea kusoma tarehe kwanza, kichwa baadaye.

Mtakutana pia na miaka isiyo na mihtasari ya madiwani. Msidhani majalada yamepotea. Halmashauri zilifutwa 1972, za miji zikarudi 1978, kisha zikaja sheria za serikali za mitaa za 1982 ambazo leo tunaziita Sura 287 (mamlaka za wilaya) na 288 (mamlaka za miji). Kwa kipindi kile ulizeni nyaraka za mkoa. Hata 1996 baraza la Jiji lilivunjwa, Tume ya Jiji ikashika nafasi yake hadi 2000; mkitafuta meya hapo katikati mtatafuta bure.

Haya si ya vitabuni tu. Kuna mama mmoja wa Kimara aliyekuja na mkataba wa kuuziana kiwanja wa 2009, umekunjwa mara nne, muhuri wa serikali ya mtaa umefifia, umeandikwa "Wilaya ya Kinondoni". Ofisi moja ilikuwa imemrudisha eti wilaya si yake. Iliniuma, kwa sababu karatasi yake ilikuwa sahihi kabisa kwa siku ilipoandikwa. Mkipata karatasi kama ile msiifute wala kuisahihisha. Ambatisheni ukurasa mmoja: kata, mtaa, wilaya ya wakati ule, wilaya ya sasa, na namba ya Tangazo la Serikali lililobadilisha. Kwa yule mama iliwachukua wenzangu dakika kumi.