Kosa la 508, na kikomo kilichojaa kabla yake

Tovuti ya mteja inaonyesha ukurasa wa 508, kosa linalosema akaunti imefika ukomo wa rasilimali. Mwenye seva anafungua paneli, anakuta EP (maombi yanayohudumiwa kwa wakati mmoja) imefika 20 kati ya 20, anaipandisha hadi 40, na tovuti inarudi. Siku mbili baadaye tatizo ni lile lile, na safari hii akaunti zinazokaa kwenye seva hiyo hiyo nazo zimekuwa nzito. Katika kuweka vikomo hakuna kosa linalorudiwa kuliko hili. EP ni pale maumivu yanapoonekana. Ugonjwa wenyewe, mara nyingi mno, uko kwenye prosesa au diski.

Tuchukue cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, iliyo juu ya CloudLinux, mfumo endeshi unaoiwekea kila akaunti vikomo vyake, kwa kuwa ndiyo seva nyingi za kukodisha zinavyojengwa. Kila akaunti ina vikomo sita vya kuangalia. Vitatu hupunguza mwendo tu: SPEED, yaani nguvu ya prosesa, ambapo 100% ni kiini kimoja kizima, IO, kasi ya kusoma na kuandika kwenye diski, na IOPS, idadi ya shughuli za diski kwa sekunde. Akaunti ikigonga mojawapo, hakuna kosa linalotoka. Kurasa zinachelewa, basi. Vitatu vingine hukataa kazi: EP, idadi ya maombi ya kurasa za PHP yanayohudumiwa kwa wakati mmoja, NPROC, jumla ya michakato yote ya akaunti, na PMEM, kumbukumbu ya RAM. EP ikijaa mgeni anaona 508. PMEM au NPROC zikijaa anaona 500 au 503.

Sasa angalia jinsi kundi la kwanza linavyolisukuma la pili. Tovuti inapokea maombi 10 ya PHP kwa sekunde, na kila moja linachukua sekunde 0.4. Wakati wowote ule kuna maombi 4 ndani, kwa sababu 10 mara 0.4 ni 4. EP ya 20 inatosha na kubaki. Halafu plagini ya nakala rudufu inaanza kufunga mafaili katikati ya mchana, IO inagonga ukomo wake, na kila ukurasa unachukua sekunde 3. Wageni ni wale wale 10 kwa sekunde, lakini ndani mnahitajika nafasi 30. Kumi kati ya kila 30 wanapigwa 508. Ukiongeza EP hapo, umekaribisha michakato mingi zaidi igombee diski ile ile iliyobanwa: kila mmoja unachelewa zaidi, RAM inaliwa zaidi, na muda si mrefu PMEM nayo inajaa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa namba yoyote, tafuta kipi kilijaa kwanza. Kwenye LVE Manager, zana ya CloudLinux ya kusimamia vikomo, fungua takwimu za akaunti husika, au ingia kwenye seva kwa SSH kama root (msimamizi mkuu) na uandike:

lveinfo --user=jina --period=1d --time-unit=10m

Safu zinazoishia na herufi f zinahesabu mara ambazo kikomo kiligongwa: EPf, PMemF, NprocF. Ukiona EPf imeruka saa 7:20 mchana, rudi nyuma dakika kumi au ishirini utazame prosesa na IO. Vikiwa vimelala kwenye ukomo kabla ya EP kujaa, umempata mhusika. Vikiwa chini na EP ikajaa peke yake, basi kurasa zinasubiri kitu cha nje: hifadhidata iliyokwama, au huduma ya mbali ambayo PHP inaiita na haijibu. Mteja naye anaweza kujionea kwenye cPanel, sehemu ya Resource Usage. Picha za papo hapo zinazohifadhiwa pale zinaonyesha michakato iliyokuwa ikiendeshwa kikomo kilipogongwa. Wateja wengi hawajawahi kuifungua, waelekeze.

Vikomo chaguo-msingi vya CloudLinux ni SPEED 100%, PMEM 1 GB, IO 1024 KB/s, IOPS 1024, EP 20 na NPROC 100. Tunachokiona ni kwamba IO ya 1 MB/s ni kidogo mno kwa seva ya leo yenye SSD, na hiyo ndiyo namba ya kwanza ya kubadili. Kwa tovuti ya kawaida ya WordPress anza na IO ya 5 hadi 10 MB/s na uache zile nyingine zilivyo. Duka la mtandaoni, ambalo kurasa zake nyingi haziwezi kuwekwa kwenye kache (nakala iliyo tayari), linahitaji SPEED 200% na PMEM 2 GB kabla halijahitaji EP kubwa. Hakikisha NPROC inaizidi EP kwa nafasi ya kutosha, kwani kazi za kroni (zinazoendeshwa kwa ratiba) na vikao vya SSH navyo vina michakato yake.

PMEM ina mtego wake. Watu hupandisha memory_limit ya PHP, yaani RAM ambayo skripti moja inaruhusiwa, hadi 512 MB huku akaunti nzima ikiwa na 1 GB. Skripti mbili nzito zikikutana, akaunti imefika ukingoni, ingawa hakuna hata moja iliyovuka kikomo cha PHP. Dalili ya kutofautisha iko kwenye logi: PHP yenyewe ikikosa nafasi huandika "Allowed memory size of ... bytes exhausted" pamoja na jina la faili. Mchakato ukiuawa na kikomo cha akaunti, logi ya PHP mara nyingi inabaki kimya. Kwa tovuti nyingi memory_limit ya 128 hadi 256 MB inatosha.

Kitu kimoja ambacho takwimu hizi hazikuonyeshi ni MySQL. Seva ya hifadhidata huendeshwa na mtumiaji wake yenyewe, kwa hiyo kazi yake haihesabiwi kwenye akaunti ya mteja. Tovuti yenye maswali mabovu ya hifadhidata inaweza kuonekana nyepesi kabisa kwenye takwimu za LVE huku ikiielemea seva nzima. MySQL Governor ya CloudLinux ipo kwa ajili hiyo. Ukiwa huna, washa logi ya maswali ya polepole na uweke max_user_connections, ukomo wa miunganisho ya kila mtumiaji wa hifadhidata, ili akaunti moja isizimalize nafasi zote.

Namba ziwekwe kwenye kifurushi, siyo kwa akaunti moja moja. Kikomo ulichompa mteja mmoja kwa mkono hushinda cha kifurushi, na ukija kubadili kifurushi baadaye akaunti hiyo haitafuata. Baada ya mwaka unakuta nusu ya akaunti zina namba ambazo hakuna anayekumbuka zilitoka wapi.

Inodi nazo husahaulika. Kila faili na kila folda ni inodi moja, na kwenye mfumo wa Maildir kila barua pepe ni faili. Akaunti ya GB 3 tu inaweza kuwa na mafaili laki tatu ya kache na barua za zamani, nakala rudufu ikachukua saa nyingi. Ndani ya akaunti andika:

du --inodes -x ~ | sort -n | tail -20

Mstari wa chini kabisa ni jumla ya akaunti nzima, na folda yenye mzigo itajitokeza juu yake. Ujazo wa diski wenyewe ukiisha, faili linalohifadhiwa wakati huo linaweza kubaki na baiti 0, hata likiwa faili la mipangilio. Futa kwanza, hariri baadaye.

Mzigo mwingi unaondoka bila kuongeza chochote. Kwenye WordPress zima kroni yake ya ndani kwa kuweka DISABLE_WP_CRON kuwa true ndani ya wp-config.php, kisha panga kroni ya kila dakika 10:

*/10 * * * * flock -n $HOME/wpcron.lock php $HOME/public_html/wp-cron.php

Hiyo flock -n inazuia kazi mpya kuanza kama ya awali haijaisha. Bila hiyo, kroni zinarundikana hadi NPROC inajaa. Zuia xmlrpc.php, mlango wa programu za nje, kama haitumiki, na upunguze kasi ya maombi kwenye wp-login.php, maana roboti za kubahatisha nywila hukalia nafasi za EP sawasawa na wageni halisi.

Kama seva haina CloudLinux na mnatumia PHP-FPM, huduma inayoendesha michakato ya PHP, kinachofanya kazi inayokaribia ya EP ni pm.max_children, idadi ya juu ya michakato hiyo. Tofauti ni kwamba ombi la ziada halikataliwi papo hapo, linapanga foleni, na mgeni huishia kuona 503 au 504. Logi ya FPM itasema "server reached pm.max_children setting". Igawe RAM uliyoitenga kwa tovuti hiyo kwa wastani wa RAM ya mchakato mmoja: 1 GB kwa michakato ya MB 60 ni kama 16. Usivuke hapo.

Ukibadili, badili namba moja tu, kisha subiri saa 24 kamili ili saa ya nakala rudufu na saa ya wageni wengi zote zipite, ndipo uzisome tena safu zile zinazoishia na f.