Kabla Hujanunua Wufa Yenye Sumaku Kubwa: Ushauri kwa Wajenzi wa Spika za Ubao Wazi

Hivi karibuni nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Mbale ambaye alinunua wufa (spika za besi) mbili za inchi 12, akazifunga kwenye ubao wa plaiwudi bila boksi, kisha akashangaa kwamba besi imepotea. Anasema kwamba sauti za waimbaji ni safi kuliko alivyowahi kuzisikia nyumbani kwake, lakini ngoma hazina uzito, na fundi wa mtaani kwake amemshauri azifungie ndani ya boksi. Aliambatisha picha, na nilipoziona sumaku zilizo nyuma ya wufa hizo, ambazo upana wake unakaribia ule wa koni, yaani ile sehemu ya mbele inayotikisika, nililitambua tatizo kabla sijaumaliza ujumbe wake. Ninamjibu hadharani kwa sababu ninaamini kwamba wengi wenu mnaosoma hapa mnataka kile anachokitaka yeye, yaani sauti ya kweli kwa fedha kidogo, na duka ndilo linalowapoteza.

Spika ya ubao wazi, yaani iliyofungwa kwenye ubao bila boksi, hutoa sauti mbele na nyuma kwa nguvu sawa. Koni inaposukuma hewa upande wa mbele, upande wa nyuma huvuta, na mawimbi hayo mawili yanapokutana kwenye ukingo wa ubao hufutana. Kwa sauti za juu, yaani nyembamba, madhara ni madogo kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi, lakini wimbi la hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, na ubao wa nyumbani hauwezi kulizuia. Chukua ubao wenye upana wa sentimita 60, spika ikiwa katikati. Sauti ya nyuma husafiri takriban sentimita 30 zaidi kabla ya kumfikia msikilizaji aliyekaa mbele. Kwa kuwa sauti hukimbia takriban mita 343 kwa sekunde, mawimbi hayo husaidiana karibu na hezi 570 na sauti ikavimba hapo. Karibu na hezi 190 faida na hasara hulingana. Chini ya hapo unapoteza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila masafa, yaani hiyo idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yanapopungua kwa nusu. Ukifika hezi 50 umekwisha kupoteza takriban desibeli 11.

Hasara hiyo haiepukiki. Kinachowezekana ni kuchagua wufa inayojiinua yenyewe pale ambapo ubao unaanza kushuka, na hapo ndipo namba iitwayo Qts inapoamua kila kitu. Namba hiyo inatokana na kazi ya Neville Thiele, aliyechapisha uchambuzi wake nchini Australia mwaka 1961, na ya Richard Small aliyeiendeleza katika miaka ya 1970. Inaeleza jinsi koni inavyozuiwa katika masafa ambayo hupenda kutikisika yenyewe. Wufa yenye Qts ya 0.35 iko desibeli 9 chini katika masafa hayo hata kabla ubao haujachukua sehemu yake. Yenye Qts ya 1 haijapoteza chochote. Sumaku kubwa hufanya kazi ya breki: huishika koni kwa nguvu na kuishusha Qts. Breki hiyo inafaa sana ndani ya boksi lenye tundu la hewa, na mtu mwenye wufa za namna hiyo azijengee boksi hilo au aziuze kwa mwenye kulihitaji. Kwenye ubao wazi, wufa ya bei nafuu yenye sumaku ndogo mara nyingi ndiyo iliyo bora. Wauzaji hawatakuambia hivyo, kwa kuwa kwao ukubwa wa sumaku na wati zilizoandikwa kwenye karatasi ndivyo vinavyopandisha bei.

Mambo haya sikuyapata kwa urahisi. Nilisoma ufundi wa elektroniki katika chuo kimoja cha mashariki mwa Uganda, na kwa mradi wa mwaka wa mwisho nilijenga jozi ya spika za ubao wazi. Nilikuwa nimepima, nimechora michoro ya masafa kwa mkono na kueleza kwa kurasa nyingi kwa nini hazina boksi. Mtahini alizunguka nyuma ya ubao, akauliza boksi liko wapi, na kabla sijamaliza kujibu akaandika kwamba kazi haijakamilika. Hakukaa kusikiliza hata wimbo mmoja. Nilipita kwa alama za chini, huku wenzangu walionunua vifaa vilivyotengenezwa tayari na kuviunganisha wakisifiwa mbele ya wazazi. Baba yangu aliniuliza njiani tukirudi nyumbani kama kweli nilikuwa nimesoma, na swali hilo liliniuma kuliko alama zenyewe. Miaka imepita, lakini bado ninaisikia sauti yake.

Nilirudi Jinja nikafungua meza ya kutengeneza redio, na zile mbao nikaziweka chumbani nikaendelea kuzirekebisha. Wateja waliokuja kuchukua redio zao walizisikia, wakauliza maswali, na mmoja baada ya mwingine akaniomba nimtengenezee. Mwezi uliopita alinitembelea mzee mmoja kutoka Arua ambaye ameipiga adungu, chombo cha nyuzi chenye umbo la upinde, tangu utotoni. Nilimwekea rekodi ya kundi la adungu. Alisikiliza kwa muda, kisha akaanza kunionyesha kwa kidole mahali alipokaa kila mpigaji, yule wa adungu kubwa upande wa kushoto, wale wa adungu ndogo wakiwa katikati, na akasema kwamba uzi mmoja haukuwa umekazwa vizuri. Alisema kweli. Uzi huo unasikika. Katika spika za boksi alizonazo nyumbani, alisema, adungu kubwa huwa ni mngurumo tu. Sioni haya kusema kwamba nilijivunia siku ile, kwa sababu mtu anayekijua chombo kwa vidole vyake alikithibitisha kile ambacho mtahini wangu alikataa kukisikiliza.

Ndiyo maana ninawasihi vijana: pimeni. Msimruhusu mwenye duka, wala fundi mwenye jina, wala mwalimu, awaambie spika yenu inafaa au haifai bila kipimo. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: rezista ya ohmu 1,000, rezista ya ohmu 10, amplifaya, simu yenye programu ya kutoa mlio wa masafa unayoyachagua, na multimita inayoweza kusoma milivolti za AC, kwa maana zile za bei ya chini kabisa huanzia volti 200 na hazitakusaidia. Unganisha rezista ya 1,000 na ile ya 10 kwa mfululizo kwenye amplifaya, weka mlio wa hezi 50, ongeza sauti mpaka multimita iliyoshikwa kwenye ncha mbili za ile ya 10 isome milivolti 100, kisha usiguse sauti tena. Badilisha rezista ya 10 kwa spika ukiwa umeining'iniza hewani. Sasa kila milivolti 10 ni ohmu moja.

Tuseme ukizima amplifaya na kupima koili ya spika (waya uliozungushwa nyuma ya koni) kwa ohmu za kawaida unapata 6.4, na ukipandisha na kushusha masafa unaona kilele cha ohmu 32 kwenye hezi 45. Gawanya 32 kwa 6.4, upate 5. Kipeuo cha pili cha 5 ni 2.24, kizidishe kwa 6.4, upate 14.3. Tafuta masafa mawili, moja chini ya kilele na jingine juu yake, ambako spika inasoma ohmu 14.3, tuseme ni hezi 35 na hezi 58, tofauti yake 23. Zidisha 45 kwa 2.24, gawanya kwa 23, kisha gawanya kwa 5. Jibu ni takriban 0.88, na wufa hiyo ninainunua leo hii. Mimi huanza kuridhika kuanzia 0.7.

Spika za magari ndizo ninazowaelekeza wanaoanza, kwa sababu nyingi zimeundwa kufanya kazi kwenye mlango au nyuma ya kiti bila boksi la kipimo, na Qts yake mara nyingi iko juu. Zile za duara refu za inchi 6 kwa 9, zenye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) katikati, hupatikana kwa wauza vipuri vya magari kama wa Kisekka, Kampala, zikiwa zimetumika. Ziwekeni sehemu ya juu ya ubao, na wufa ya inchi 12 au 15 chini yake. Mbao zipo Ndeeba, hapohapo Kampala. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, yenye sentimita 122 kwa 244, hutoa mbao nne za sentimita 60 kwa 120, kwa hiyo watu wawili wanaweza kuchanga na kila mmoja akapata jozi. Usiutoboe ubao katikati kabisa: umbali kutoka spika hadi ukingo ukitofautiana kila upande, ule uvimbe wa hezi 570 hutawanyika. Tundu la spika ndogo lichongwe kwa mshazari upande wa nyuma ili koni isipumue kwenye bomba.

Kuhusu amplifaya sina mengi. Bodi ndogo zenye chipu ya TPA3116 hukubali chaja kuukuu ya kompyuta ya volti 19, na zinatosha. Siegfried Linkwitz, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Hewlett-Packard na kufariki mwaka 2018, alitumia krosova za elektroniki, yaani vifaa vinavyogawa masafa kati ya spika, na amplifaya nyingi katika spika zake za Orion na LX521, na mwenye uwezo amfuate. Jambo moja tu likumbukwe na kila anayeshika ekolaiza, kifaa cha kuongeza au kupunguza besi na sauti nyembamba. Kuongeza desibeli 6 kunadai koni iende umbali mara mbili na amplifaya itoe nguvu mara nne. Zaidi ya hayo, ili ubao wazi ushike kiwango kilekile cha sauti masafa yakipungua kwa nusu, koni inatakiwa iende umbali mara nane, wakati ndani ya boksi lililofungwa ni mara nne. Kwa sababu hiyo spika hizi hazifai kwa harusi ya uwanjani, na yeyote anayekuahidi hivyo hajapima.

Mahali pake ni chumbani. Pembeni, sauti ya mbele na ya nyuma hufutana, na jirani wa ukuta wa pembeni katika nyumba za kupanga za mstari hupata besi kidogo kuliko ambayo boksi lingempelekea. Kwa upande wa nyuma hakuna huruma hiyo: acha angalau mita moja kati ya ubao na ukuta, la sivyo sauti inayorudi itaharibu kila ulichokijenga. Kama chumba chako hakina mita hiyo, jenga boksi lililofungwa.